Bakuli la Supu Hakodate



Tangu tuliporudi kutoka Japani, wanaparokia na mafrateri wenzetu wametuuliza maswali karibu yale yale. Theluji ina baridi kiasi gani? Ni kweli treni haichelewi? Na huko mlikuwa mnakula nini? Swali hili la tatu huulizwa kwa kicheko, mara nyingi na akina mama wa jumuiya, ambao wanaona tumepungua. Leo tunalijibu kwa urefu, na tunachagua mlo mmoja tu kati ya mingi, kwa sababu mlo huo ulitukuta tukiwa na swali jingine zito ambalo hakuna aliyetuuliza hapa nyumbani.

Tulikuwa watatu, wote wanafunzi wa falsafa. Shirika letu lilitupeleka Japani kwa miezi 10, katikati ya masomo, tujifunze lugha na kuonja utume wa huko. Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kurudi, kila mmoja alitakiwa kumwandikia mkuu wa shirika barua na kusema kama yuko tayari, Mungu akimjalia upadrisho, kupangiwa Japani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuna aliyetulazimisha kuandika ndiyo. Lakini barua ilibidi iandikwe, na kufikia mwezi wa Novemba ilikuwa imebaki miezi miwili, na karatasi zetu zote tatu zilikuwa bado nyeupe.

Mwezi huo ndipo tulipokwenda Hakodate.

Hakodate ni mji wa bandari kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini. Tangu mwaka 2016 treni ya mwendokasi inafika karibu na mji huo kupitia handaki la Seikan, lililochimbwa chini ya bahari na lenye urefu wa karibu kilomita 54. Ni mbali kuliko Dar es Salaam hadi Kibaha, na unapita gizani huku bahari ikiwa juu ya kichwa chako. Tulisali rozari nzima humo ndani, na si wote watatu tuliosali kwa ibada tu. Mmoja wetu alisali kwa hofu.

Mwaka 1859 Hakodate ilikuwa miongoni mwa bandari za kwanza za Japani kufunguliwa kwa biashara na mataifa ya nje. Mwaka huo huo akafika padre Mfaransa wa Shirika la Misioni za Kigeni la Paris, wakati ambapo Mjapani aliyeonekana kuwa Mkristo bado alikuwa anaadhibiwa. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa mwaka 1873. Kanisa Katoliki la Motomachi, lililoko kwenye mteremko wa mlima unaoitazama bandari, liliungua zaidi ya mara moja katika mioto mikubwa ya mji. Jengo la sasa ni la mwaka 1924, lina jogoo juu ya mnara wake, na altare yake ilikuwa zawadi ya Papa Benedikto XV. Ng'ambo ya ghuba wapo watawa wa Trapisti tangu mwaka 1896, wanaojulikana nchi nzima kwa siagi yao, na mwaka 1898 wakafuata masista wa Trapisti kutoka Ufaransa. Kwa hiyo mtu akisema Kanisa ni geni Hakodate, amekosea. Limekuwepo kwa vizazi vingi. Limebaki dogo tu.

Udogo wake tuliuona Jumapili katika parokia iliyotupokea. Tulihesabu watu wasiofika 40. Wengi walikuwa wazee, na walioimba kwa sauti walikuwa vijana wachache kutoka Vietnam na Ufilipino waliokuja kufanya kazi. Katika Japani nzima Wakatoliki hawafiki hata nusu ya asilimia moja ya watu wote. Sisi tuliotoka kwenye parokia ambazo Misa ya kwanza ikiisha ya pili inasubiri mlangoni, tulisikia mwangwi wa kanisa lenye viti vitupu, na baada ya Misa hatukuzungumza sana.

Mzee mmoja wa parokia alituona. Alikuwa na miaka 80 na kitu, mgongo umeinama kidogo, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Maisha yake yote alivuna mwani aina ya kombu upande wa Minamikayabe, pwani ya mashariki ya mji, sehemu inayosifika kwa kombu bora. Sisi tulimwita Babu, yeye akatuita shingakusei, yaani waseminari, wote watatu kwa jina hilo moja. Alisema tulionekana kama watu wenye baridi. Akatuambia tumfuate, anatupeleka kula rameni.

Ndugu msomaji, rameni ni tambi za ngano ndani ya supu, pamoja na vipande vya nyama na majani ya kitunguu juu yake. Asili yake ni Uchina. Wafanyabiashara Wachina walifika Hakodate baada ya bandari kufunguliwa, wakinunua kombu na mazao makavu ya bahari, wakiwemo majongoo bahari, ambao hata pwani yetu ya Afrika Mashariki imewauza Uchina kwa muda mrefu. Mwaka 1884 gazeti la Hakodate lilichapisha tangazo la mgahawa ulioitwa Yowaken uliokuwa ukiuza tambi zilizoitwa Nankin soba. Wapo wanaoliona tangazo hilo kuwa alama ya kwanza ya rameni nchini Japani, na wapo wanaobisha. Tunawaachia wenyewe.

Kila upande wa Japani una supu yake. Huko Kyushu, kusini, mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa moto mkali saa nyingi mpaka supu inakuwa nyeupe na nzito kama maziwa. Sapporo, mji mkubwa wa Hokkaido, wanatia miso, ambayo ni soya iliyochachushwa. Asahikawa wanapendelea sosi ya soya. Hakodate wao wanatia chumvi, basi. Kwa sababu chumvi haina rangi, supu yao ni angavu. Ukitazama ndani ya bakuli unaona tambi zilivyojikunja, na chini ya tambi unaona kitako cha bakuli.

Mgahawa aliotupeleka uko mwendo mfupi kutoka Goryokaku, ngome ya zamani iliyojengwa kwa umbo la nyota yenye pembe tano na kuzungukwa na maji. Tulikuta foleni nje, upepo wa bahari ukikata masikio. Hakuna aliyesukuma wala aliyeuliza kwa nini haisogei. Ndani mlangoni kuna mashine. Unaweka pesa, unabonyeza picha ya chakula unachotaka, inatoa tiketi, unampa mhudumu. Bakuli moja lilikuwa yeni 900. Babu alitulipia wote, na tulipojaribu kukataa akafanya kama hasikii, jambo ambalo wazee wa kila nchi wanalijua vizuri.

Tulikaa kwenye kaunta, bega kwa bega, jikoni likiwa mbele yetu. Mpishi alikuwa mtu wa makamo asiyesema. Mbele yake palikuwa na sufuria refu, na alichotushangaza nacho ni kwamba sufuria lile halikuchemka. Kwetu supu inayopikwa husikika kabla ya kuonekana. Inatokota, mfuniko unaruka, mvuke unajaza chumba. Lile lilitulia kama maji ya kisima, na mara moja moja kiputo kimoja kilipanda kutoka chini na kupasuka. Mpishi alipita na upawa, akaengua povu kidogo, akainama kuangalia moto, akarudi kwenye tambi. Baada ya dakika chache akarudia. Muda wote tuliokaa pale hakuacha kurudi kwenye sufuria hilo.

Kisha akapanga mabakuli manne. Kwanza akatia chini ya kila bakuli kijiko cha maji ya chumvi yaliyokolezwa, halafu akamimina supu, halafu tambi, na juu akaweka vipande viwili vya nyama, machipukizi ya mianzi na majani ya kitunguu. Nyama ilikuwa ya nguruwe. Mmoja wetu aliyekulia Moshi aliitazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini, akanong'ona, "Kitimoto!"

Wajapani kabla ya kula husema neno moja, itadakimasu, na maana yake ni kwamba ninapokea kwa unyenyekevu. Babu alilisema, kisha akafanya ishara ya msalaba, polepole, bila kuificha na bila kuionyesha. Nasi tukafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyegeuka kututazama. Tulihisi kuwa kwenye kaunta ile, kila siku anapokula pale, huwa anaifanya peke yake.

Sasa ladha. Kwa macho tulidhani tunaletewa maji ya moto yenye mafuta kidogo juu. Mdomoni ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuja chumvi, nyuma yake kuku, nyuma yake mifupa ya nguruwe, na chini ya vyote ladha moja nene na ndefu iliyobaki kwenye ulimi hata baada ya kumeza. Tulitazamana. Mmoja wetu aliinua bakuli karibu na taa, akitafuta mahali vitu vyote hivyo vilipojificha, na aliona kitako cha bakuli tu. Ukiwa kwenye kaunta kama ile hukai kupiga soga, maana tambi zinavimba na nje watu wanapigwa na upepo. Tulikula kimya, tukavuta tambi kwa sauti kama kila mtu, tukanywa supu mpaka tone la mwisho.

Maelezo tulipewa na Babu tulipotoka. Amekula pale zaidi ya miaka 40, na anamjua mpishi tangu akiwa kijana wa kuosha vyombo.

Alisema ugumu wa supu ile uko kwenye moto. Mifupa ikichemshwa kwa nguvu, mafuta yake yanapasuka kuwa matone madogo mno, na ule utomvu unaotoka kwenye mifupa na ngozi unayashika matone hayo yasielee tena juu. Supu inakuwa nyeupe. Kwa supu ya Kyushu ndivyo inavyotakiwa, na ni nzuri sana, Babu mwenyewe anaipenda. Lakini kwa supu ya chumvi, dakika chache za moto mkali zinatosha kuiharibu, na ikishakuwa na ukungu hairudi. Kwa hiyo inapikwa saa nyingi chini kidogo ya kiwango cha kuchemka, na mtu anabaki karibu. Kombu nayo ina masharti yake. Hutiwa kwenye maji baridi, maji yanapashwa taratibu, na inatolewa kabla hayajachemka. Ukiisahau inatoa utelezi na uchungu.

Ile ladha nene tuliyoshindwa kuitaja ina jina. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda, profesa wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alijiuliza kwa nini mchuzi wa kombu una ladha ambayo haiwi tamu, chumvi, chachu wala chungu. Akachukua takriban kilo 12 za kombu, akazichuja na kuzichambua mpaka akapata gramu 30 za kitu kinachoitwa glutamati. Ladha yake akaiita umami. Kilo 12 kwa gramu 30! Babu alicheka tulipomtajia hesabu hiyo tuliyoisoma, akasema wavunaji waliijua ladha hiyo kabla ya profesa, hawakuwa na mizani tu.

Kombu ya asili, alituambia, huvunwa katika mwaka wake wa pili. Ya mwaka wa kwanza ni nyembamba na haina kitu. Hapo tukamsimulia kuhusu akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakilima mwani kwa kamba na vigingi wakati maji yanapokupwa, na kwamba mwani huo unasafirishwa nje, wenyewe hatuupiki. Alishangaa sana. Akauliza mikono ya akina mama hao ikoje. Tukamwambia inachubuliwa na chumvi. Akatuonyesha ya kwake.

Kwa mwanafunzi wa falsafa ni vigumu kuona kitu angavu bila kukumbuka darasani. Descartes, katika kitabu chake cha Tafakari cha mwaka 1641, anatafuta mawazo yaliyo wazi na yaliyopambanuka, na njia yake ni kuondoa. Anaondoa kila kinachoweza kutiliwa shaka, mpaka kinabaki kile kisichotikisika. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 39, anataja vitu vitatu vinavyohitajika ili kitu kiwe kizuri, yaani ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tulipoyasoma hayo darasani tuliyakariri kwa ajili ya mtihani, na ule mng'ao ulitusumbua. Kinang'aa kwa vipi kitu kisicho taa? Katika bakuli lile tulipata mfano. Hakuna kilichoondolewa katika supu ile isipokuwa povu. Kuku alikuwemo, mifupa ilikuwemo, bahari ilikuwemo, na kila kimoja kilikaa mahali pake bila kumfunika mwenzake, hata jicho likapita hadi chini. Tunadhani Thoma angekubali kuketi kwenye kaunta ile, ingawa kwa umbo wanalosimulia alikuwa nalo, angehitaji viti viwili.

Lakini hatukuwa tumekwenda Japani kusifu supu. Tulipokuwa tukizunguka njia ya kandokando ya maji ya ngome, majani mekundu yakiwa yameanguka, mazungumzo yaligeukia barua.

Mmoja wetu alisema kwa Kiswahili, ili Babu asielewe, maneno ambayo wote watatu tulikuwa nayo moyoni. Parokia aliyotoka ina vigango 19 na mapadre wawili. Kuna vigango vinavyopata Misa mara moja kwa mwezi, na masika ikikata barabara, mara moja kwa miezi miwili. Bibi yake mzaa mama alifariki bila mpako wa wagonjwa, kwa sababu padre alikuwa kigango kingine na pikipiki ilikuwa imekwama mtoni. "Sasa nieleweni," alisema. "Nitamwambiaje mama yangu kwamba nimekwenda kuhudumia watu 40 wenye kanisa lenye joto na barabara ya lami?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunamshukuru Mungu kwamba hatukulitoa. Mwingine alijaribu. Alikumbusha Wakristo wa Nagasaki, ambao wakati wa dhuluma walibaki bila padre kwa zaidi ya miaka 200. Walibatizana, wakasali kwa siri, wakawafundisha watoto wao, mpaka Machi 17, 1865 kundi dogo la wakulima lilipoingia kanisa la Oura na kujitambulisha kwa Padre Petitjean. Imani haikufa kwa kukosa padre, alisema, na vigango vyetu navyo vina makatekista hodari.

Yule wa kwanza akasimama njiani. Akasema mateso ya watu wa Nagasaki yasitumike kuhalalisha bibi wa mtu mwingine kufa bila sakramenti. Kama walingoja zaidi ya miaka 200, walingoja kwa sababu walimhitaji padre.

Tukanyamaza. Hoja yake ilikuwa ya haki, na bado ni ya haki leo tunapoandika.

Babu alikuwa ametangulia hatua chache. Hakuelewa Kiswahili, lakini mtu wa miaka 80 haelewi kwa maneno tu. Alitungoja kwenye daraja, akatazama maji, akasema kwa Kijapani chepesi, kama anavyosema mtu na watoto, kwamba katika maisha yake ameona mapadre wengi wazuri katika parokia yao. Wafaransa, Wakanada, Wajapani. Wengine walikaa miaka mitatu, wengine minne, halafu wakapangiwa kwingine. Mke wake alizikwa na padre aliyekuwa amefika wiki mbili kabla, asiyemjua hata kwa sura. Alifanya yote vizuri, Babu alisema. Alisoma jina lake bila kukosea.

Kisha akatuuliza, "Ninyi mkija, mtakaa?"

Hakuuliza kama tutabatiza wengi, wala kama kanisa litajaa. Aliuliza kama kutakuwa na mtu atakayemjua kabla ya kumzika. Tuligundua kuwa lilikuwa swali lile lile la mwenzetu kuhusu bibi yake, limetoka upande wa pili wa dunia. Mmoja alikufa barabara ikiwa imekatika, mwingine akazikwa barabara ikiwa ya lami, na wote wawili walikosa mchungaji anayewajua.

Hapo ndipo picha ya mpishi ilipoturudia. Tangu tulipofika Japani tulikuwa tukiupima utume kwa moto mkubwa, kama tulivyolelewa kuupenda: kwaya tatu, ngoma, harambee, wabatizwa 200 usiku wa Pasaka. Tunaupenda bado, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kuna sufuria ambalo ukiliwashia moto huo unaliharibu, na linahitaji mtu wa kukaa karibu, kuengua povu, kuinama kuangalia moto, na kurudi tena baada ya dakika chache, miaka 40. Mpishi yule hakuweza kuondoka na kuacha maagizo. Hatukujua kama sisi tunaweza kazi kama hiyo. Tulijua sasa kwamba ndiyo tunayoulizwa, na kwamba inaulizwa Hakodate na inaulizwa pia kwenye vigango 19.

Hatukumjibu Babu pale darajani. Isingekuwa heshima kumpa ndiyo ya kumfurahisha. Mmoja wetu alimwambia tu kwamba tumesikia swali lake, naye akainamisha kichwa, kana kwamba hilo lilitosha kwa siku moja. Kwenye kituo cha tramu alifungua mfuko wake akatupa kipande cha kombu, kigumu kama ngozi kavu, kimefungwa kwa gazeti. Akasema tumpelekee anayetupikia nyumbani.

Tulimpelekea. Mama anayetupikia seminarini ana sufuria la kulisha watu zaidi ya 100 na mafiga ya kuni, na alipoelezwa kwamba supu haitakiwi kuchemka alituuliza kama tunataka supu au maji ya kunawa. "Wanangu, kuni hizi hazijui polepole," alisema. Hata hivyo Jumamosi moja alasiri, kazi ilipopungua, alikubali. Alichukua sufuria dogo, mifupa ya kuku wawili na nusu ya kipande cha Babu. Moto ulipozidi alivuta gogo moja nje, ulipopungua akalisukuma ndani, na kila mara akarudi na upawa wake. Kombu tuliitoa mapema. Baada ya saa tano alitia chumvi kwenye kikombe, akamimina supu juu yake, akaionja. Akakaa kimya. Akaonja tena. "Kumbe ina neno," alisema, na akaenda kumwita msaidizi wake aje aonje.

Barua zetu tatu zilikwenda kwa mkuu wa shirika kabla ya Januari kwisha. Mmoja aliandika ndiyo. Mmoja aliandika kwamba anaomba kubaki kwetu, akaeleza habari za bibi yake na vigango, na mkuu wa shirika akamjibu kwa mkono wake mwenyewe, akimshukuru. Wa tatu ameomba muda hadi Pasaka. Hatutasema ni nani aliandika nini. Tulikubaliana hivyo kwenye treni, tukiwa ndani ya handaki lile lile chini ya bahari.

Tunachowaomba wasomaji wetu, hasa ninyi wazazi na wanajumuiya mnaotusaidia katika malezi, ni sala kwa ajili ya wote watatu, hata yule ambaye jibu lake lingewafurahisha zaidi. Mwombeeni pia Babu, na marehemu mke wake. Na mnapokutana na padre mpya parokiani, kabla hamjamwuliza atajenga nini, mwambieni majina ya wagonjwa wenu na mmpeleke akawaone wakiwa bado wanaweza kuzungumza naye.